Kiwanja cha Wote, Mlinzi Wake Nani?

Kuna maswali ambayo hayaonekani kuwa ya maadili mpaka mtu ayachunguze kwa karibu. Mtu akiiba kuku wa jirani, hakuna anayeuliza kama amekosa au hakukosa. Kuku ana mwenyewe, na mwenyewe atapiga yowe, au mwano kama tusemavyo huku kwetu, na watu watatoka. Lakini mtu akiweka kibanda pembeni mwa kiwanja cha mtaa, kisha kibanda kikawa duka, duka likawa nyumba ya matofali, na mwishowe nyumba ikapata karatasi zenye mihuri, aliyeibiwa ni nani? Hakuna mwenye nyumba atakayeamka asubuhi akute zizi liko wazi. Watoto watasogea hatua chache, goli litahamishwa, na mchezo utaendelea katika eneo lililopungua. Mwaka unaofuata watasogea tena.

Wananchi wa Unyamwezi na Usukuma walipoanzisha Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifanya hivyo kwa sababu ng'ombe walikuwa wakichukuliwa usiku na damu ikimwagika. Sijapata kusikia Sungusungu iliyoundwa kulinda kiwanja cha kuchezea watoto. Ng'ombe ni wa fulani, kiwanja ni cha wote, nasi tumezoea kudhani kwamba cha wote hakina mwenyewe. Katika kurasa hizi nataka kulifikiri jambo hilo pamoja nawe, ndugu msomaji, kwa sababu linatugusa sisi wa Cheyo na wa mitaa mingine ya Tabora, na hapana shaka linamgusa kila mkazi wa mji unaokua.

Nianze na miembe. Mgeni akifika Tabora, jambo la kwanza analoliona ni miembe. Imesimama kando ya barabara, katika nyua za shule, na kandokando ya njia ya zamani iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke walipoingia hapa Novemba 1857, waliukuta mji wa wafanyabiashara wa Kiarabu uliojulikana kwa jina la Kazeh. Mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, na tembe lao linaonyeshwa kwa wageni hadi leo. Katika njia hiyo Wanyamwezi walibeba mizigo mabegani kwa miezi mingi, na katika njia hiyo hiyo watu waliotekwa walipelekwa pwani kuuzwa. Mwaka 2006 serikali yetu iliiingiza njia hii katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia huko UNESCO, Kwihara ikiwa miongoni mwa vituo vyake sita.

Kivuli cha miembe kwa hiyo si kivuli kisicho na historia. Kimewapumzisha wafanyabiashara, kimewapumzisha wapagazi, na kimewafunika watu waliofungwa minyororo. Mti haukuuliza aliye chini yake ni nani. Tena walioipanda miembe hiyo, wawe walikuwa watu wema au waovu, hawakula maembe yake mengi, kwani mwembe uliotoka kwenye kokwa hukawia miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na miongo kabla ya kuwa na kivuli cha kutosha mkutano. Wahenga wetu walisema mchumia juani hulia kivulini. Ni methali nzuri, nami nimeifundisha mara nyingi, lakini haisemi hicho kivuli kilipandwa na nani. Aghalabu aliyechumia juani alikula katika kivuli cha mwingine ambaye hakumjua. Basi sisi tunaokula leo chini ya miembe tunadaiwa, na wadai wetu wamekwisha kufa. Deni la namna hiyo hulipwaje? Nadhani hulipwa kwa njia moja tu, nayo ni kuwapa wale watakaokuja.

Hapo ndipo ninapoliona suala la viwanja na bustani za mitaa. Wapo wanaoliona kuwa suala la anasa. Wanasema mji wenye barabara za vumbi na zahanati yenye upungufu hauna haki ya kufikiria bembea na viti vya kupumzikia. Hoja hiyo ni nzito, na nitaijibu. Lakini kwanza tukubaliane kiwanja cha mtaa kinafanya kazi gani, kwa maana wengi wetu tukisikia neno hilo huwaona vijana ishirini na wawili na mpira.

Hesabu mwenyewe kinachofanyika katika uwanja mmoja wa mtaa kwa mwezi. Asubuhi watoto wanaokwenda shule huukatiza kama njia. Alasiri wasichana hucheza rede upande mmoja, kama wavulana wamewaachia nafasi. Jioni hufika mpira. Msiba ukitokea, turubai hufungwa hapo, kwa sababu nyua zetu hazitoshi tena. Harusi ni hapo, mkutano wa injili ni hapo, swala ya Idi inaweza kuwa hapo, na mkutano wa hadhara wa uchaguzi ni hapo. Mvua za masika zikishuka kwa nguvu, uwanja hunywa maji ambayo yangeingia vyumbani mwa watu. Wazee wakipata mti na gogo, hucheza bao. Ukikiondoa kiwanja, mambo hayo hayakomi. Msiba hufunga barabara, watoto huchezea kando ya bodaboda, na maji hutafuta mlango wa mtu.

Wengine hukitetea kiwanja kwa kusema kwamba kitatutolea Filbert Bayi mwingine, yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974. Mimi siitumii hoja hiyo, ingawa moyo wangu unaipenda. Mtoto mmoja katika maelfu atakuwa bingwa. Tukikithamini kiwanja kwa ajili ya huyo mmoja, tutakuwa tumewafanya wenzake wote kuwa kokoto za kujengea njia yake. Mtoto ana haki ya kucheza hata kama hana kipaji chochote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unaitaja haki hiyo katika ibara ya 31, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaitambua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilisema mtoto wa miaka 5 hadi 17 ahitaji wastani wa angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku. Nimefundisha kwa miaka mingi, na hakuna mwongozo ulionifundisha hili zaidi ya kipindi cha kwanza baada ya mapumziko: darasa lililocheza husikia, na darasa lililofungiwa husinzia au hugombana.

Kwa sababu hiyo hiyo natofautisha kiwanja na uwanja mkubwa wa michezo. Tabora United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, mji wote ulifurahi, nami nilifurahi. Nchi yetu pamoja na Kenya na Uganda zilikabidhiwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na fedha nyingi zimeelekezwa katika viwanja vya kuchezea mashindano hayo. Sina kinyongo nayo. Lakini uwanja mkubwa ni mahali ambapo maelfu hukaa wakatazama watu ishirini na wawili wakicheza, na kiwanja cha mtaa ni mahali ambapo kila mmoja hucheza. Taifa linaweza kuwa na majukwaa ya kifahari na watoto wasio na pa kukimbilia, wala hakuna mgeni wa heshima atakayegundua.

Sasa tuje kwenye swali la mwenyewe. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilikwisha kulalamikia uvamizi wa maeneo ya wazi mijini, na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inataka matumizi ya kila eneo yafuate mchoro uliopitishwa, na mabadiliko yapitie utaratibu. Kwa maneno mengine, katika vitabu vya sheria kiwanja kina mwenyewe, na mwenyewe ni sisi. Kinachopungua ni mtu wa kulisema hilo saa ya kusema ikifika.

Majirani zetu wa Kenya wana mafundisho makubwa kuhusu saa hiyo. Mwaka 1906 mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani katikati ya mji. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kujenga maegesho ya magari ya ghorofa pale, na mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama pamoja na wengine hadi mpango ukafa. Miaka miwili kabla yake, yaani mwaka 1989, Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru. Alitukanwa hadi bungeni, lakini jengo halikujengwa, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo watu huilalia nyasi ile bila kukumbuka kwamba ingekuwa msingi wa zege.

Kisha likaja la Januari 2015. Wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi shuleni wakakuta ukuta umejengwa kuzunguka kiwanja chao. Waliusukuma ukuta ukaanguka. Polisi wakawarushia mabomu ya machozi, watoto wa shule ya msingi waliovaa sare. Ghadhabu ya wananchi ilikuwa kubwa, na serikali ikakirudisha kiwanja kwa shule. Nilipoziona picha zile nilifurahi kwamba haki ilirudi, na papo hapo niliona haya kwa niaba ya sisi watu wazima. Ukuta haujengwi kwa usiku mmoja. Kuna mtu aliyepima, kuna aliyetia sahihi, kuna fundi aliyepanga matofali, na kuna mamia waliopita wakaona. Wote hao walikuwa na umri wa kusema. Waliosema ni wa miaka kumi.

Huo ndio msiba wa mali ya wote: kila mtu humngoja mwenzake. Mimi mwenyewe nilikuwa mkuu wa shule moja, ambayo sitaitaja, tulipokuta mawe ya bikoni yamesimikwa ndani ya uwanja wetu bila barua wala taarifa. Niliandika barua tatu. Jibu lilikuja baada ya kamati ya shule kupata nakala ya mchoro wa eneo na kuipeleka mkononi, tukiwa watu kumi na wawili. Bikoni ziling'olewa. Nilijifunza kwamba barua ya mtu mmoja ni malalamiko, na mchoro ulioshikwa na watu kumi na wawili ni hoja.

Tukishakilinda kiwanja, linabaki suala la fedha, na hapa maadili huwa magumu zaidi, kwa sababu kila shilingi inayokwenda kwenye kiwanja haiendi mahali pengine.

Ulaya na Marekani ziliwahi kulijibu swali hilo kwa njia ambazo tunaweza kujifunza, kwa wema na kwa ubaya. Mwaka 1843 mji wa Birkenhead, Uingereza, uliruhusiwa na Bunge kutumia fedha za umma kununua ardhi ya bustani. Wakanunua eneo kubwa kuliko walilohitaji, wakatenga bustani katikati, na vipande vya pembeni wakaviuza kwa wajenzi wa nyumba. Bustani iliongeza thamani ya vipande vile, na mauzo yakasaidia kulipa gharama. Ilifunguliwa mwaka 1847, na kiingilio kilikuwa bure. Mmarekani Frederick Law Olmsted aliitembelea mwaka 1850, akashangaa kuona maskini na tajiri wakitembea katika njia moja, kisha akarudi kwao na baadaye akawa mmoja wa wabunifu wawili wa Central Park ya New York. Lakini ili Central Park ipatikane, watu wapatao 1,600 waliondolewa, wakiwamo wa kijiji cha Seneca, ambako Wamarekani weusi walikuwa wamenunua viwanja na kujenga makanisa na shule. Walilipwa fidia, na wengi waliiona ndogo. Bustani ni nzuri mno, ila tusisahau ililipwa na nani. Wema unaofanywa kwa wengi unaweza kuwa dhuluma kwa wachache, hasa wakiwa wachache wasiosikika.

Kwetu Tanzania tumekuwa na njia zetu. Katika miaka ya chama kimoja wananchi walichanga fedha na nguvu kujenga viwanja vya mikoa. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, vingi vya viwanja hivyo vilibaki kuwa mali ya chama, na kiwanja chetu cha Ali Hassan Mwinyi ni mmoja wapo. Sitaki kufungua mjadala wa siasa hapa. Nasema tu kwamba aliyechanga wakati ule hakuuliza hati itaandikwa jina la nani, kwa kuwa chama, serikali na wananchi vilionekana kuwa kitu kimoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hata isipopotea huzua maneno.

Leo kodi ya majengo, tangu Agosti 2021, hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Kama njia ya kukusanya, ni ya werevu: hakuna anayekimbia. Lakini ina mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza, mpangaji ndiye anunuaye umeme, na kama mwenye nyumba hamrudishii, basi asiye na jengo anailipa kodi ya jengo. La pili, fedha inayotoka mfukoni kimya kimya haimfanyi mlipaji kuuliza imefanya nini. Zamani mkusanya kodi alibisha hodi, na ukimlipa ulimwuliza, "Na ule mfereji vipi?" Mashine haiulizwi. Mtu anayelipa bila kuuliza ni kama mzazi anayelipa ada asifike kwenye kikao hata kimoja.

Basi nieleze jambo lililotufikisha hapa. Katika mkutano wa mtaa wetu hivi karibuni liliwekwa mezani pendekezo hili: kiwanja chetu kimechakaa, hakina mfereji, hakina choo wala mti wa maana. Halmashauri ina mengi ya kufanya. Kwa nini tusiruhusu fremu za maduka zijengwe upande wa barabara, kodi yake itengeneze sehemu iliyobaki? Tutapoteza kipande, tutapata kiwanja kizuri. Aliyelitoa ni kijana mwenye akili na nia safi. Wengi walipiga makofi.

Nikasimama nikasema kivuli na nafasi ni riziki ya watoto wetu. Mama mmoja auzaye vitumbua akanijibu kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu. Maneno yako ni mazuri, lakini watoto hawali kiwanja. Mimi nalipia mahali pa kuweka meza yangu. Fremu ikijengwa huenda nikapata pangu. Wewe una pensheni." Watu walicheka, nami nikacheka, kwani alisema kweli. Mara nyingi wanaohubiri uzuri wa nyasi ni wale ambao wamekwisha kula. Nililala na maneno yake siku nyingi.

Baada ya kuyapima, naona alikuwa na haki katika shida yake, na pendekezo halikuwa na haki katika dawa yake. Nieleze kwa nini.

Kwanza, anayepata fremu si muuza vitumbua. Fremu ya upande wa barabara hupangwa kwa kodi ya miezi mingi inayolipwa mbele, na mwenye mtaji ndiye huiweza. Mama yule angebaki na meza yake, tena sasa mbele ya mlango wa mtu atakayemfukuza. Pili, Birkenhead waliuza ardhi iliyo kando ya bustani, iliyopangwa kuuzwa tangu siku ya kwanza. Hawakukata bustani yenyewe. Kula mbegu ni tofauti na kuuza mavuno, ingawa vyote viwili hushibisha siku hiyo. Tatu, kipande kikienda hakirudi. Kodi ya fremu itatumika mwaka huu na mwakani, na mtoto atakayezaliwa mwaka 2040 atakuwa amepoteza ardhi bila kuwa na kiti katika mkutano ule.

Kuna atakayeniuliza: je, mali ya wote haiwezi kubadilishwa kamwe? La hasha, sisemi hivyo. Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, watoto walimiminika shuleni na madarasa yalijengwa hata katika sehemu za viwanja. Sikuona dhuluma, kwa sababu kilichokuwa cha watoto kilibaki cha watoto. Kiwanja kinaweza kuwa zahanati, kikaendelea kuwa cha wote, iwapo wote wameulizwa na hakuna mahali pengine. Lakini kugeuza cha wote kuwa cha mmoja, hata kwa bei nzuri, kunahitaji sababu nzito kuliko choo na nyasi. Ndiyo kanuni ninayoweza kuisimamia: cha wote kinaweza kuhamia kwenye haja nyingine ya wote, na kikodishwe kwa siku, lakini kisiuzwe kwa milele.

Kukodisha kwa siku ndiko kunakonipa matumaini ya fedha. Harusi ilipe kidogo. Mkutano wenye vipaza sauti ulipe. Mashindano ya timu yenye mdhamini yalipe. Msiba usilipe kitu. Wauza vitumbua wapewe mstari wao ulio wazi, meza zinazoondolewa jioni, kwa ushuru mdogo unaoandikwa, ili nao wawe walinzi wa mahali wanapopatia riziki. Hapo mama yule hapewi hotuba juu ya kivuli, anapewa mahali. Na kaya nazo zichange. Tuseme mtaa una kaya 600, na kila moja itoe shilingi 500 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 300,000 kwa mwezi na 3,600,000 kwa mwaka. Haijengi uwanja wa kimataifa, lakini huvuta bomba, hununua miche na magoli, na humlipa mtu wa kufyeka. Asiyeweza kutoa fedha atoe asubuhi moja ya Jumamosi na jembe lake. Anayeweza zaidi atoe zaidi, na jina lake lisiandikwe kwa herufi kubwa kuliko la aliyefyeka.

Wengine watasema kuchanga ni kuisamehe serikali wajibu wake. Hofu hiyo ni ya haki. Wananchi wakichimba mfereji wenyewe, ofisi inaweza kukunja mikono. Ndiyo maana mchango wetu usiende bila maombi ya maandishi kwa kata na halmashauri kwamba nayo iweke sehemu yake katika bajeti, na daftari la mapato na matumizi libandikwe hadharani kila mwezi. Mtu aliyetoa 500 yake na kuona imeandikwa ana ujasiri wa kuuliza kodi yake ya umeme imekwenda wapi. Kuchanga kwa namna hiyo kunatufundisha kuidai serikali, hakutufundishi kuisahau.

Mkutano wetu haukufikia uamuzi. Uliunda kamati ya watu saba, wanawake wanne wakiwamo, ilete mchoro wa eneo na hesabu za njia zote mbili, ya fremu na ya michango, ndipo watu wapige kura. Sijui kura itaangukia wapi. Mji huu una sifa ya kujadili magumu bila kuvunjika: Januari 1958, TANU ilikutana hapa Tabora ikabishana vikali kama ikubali au ikatae uchaguzi wa kura tatu, na uamuzi ule ukaitwa wa busara. Jambo letu ni dogo kuliko lile, lakini aina yake ni moja. Ni watu wanaouliza wakubali hasara gani leo kwa ajili ya kesho wasiyoiona.

Ombi langu kwa kamati ni kwamba, iwe kura itakavyokuwa, miti ipandwe mpakani mvua za Novemba zitakapoanza. Bikoni hung'olewa usiku, na uzio wa waya huuzwa kama chuma chakavu. Mwembe uliokwisha kushika mizizi ni shahidi asiyenyamaza, na atakayetaka kuukata itambidi aukate mchana, watu wakitazama. Kwa umri wangu sitaikuta mikubwa. Hilo halinisumbui, kwani hata hii ninayoifurahia kila siku haikupandwa na mtu aliyenijua. Kinachonisumbua ni kumwagilia. Mche wa mwembe unataka maji kuanzia Mei hadi mvua nyingine, miezi sita ya jua la Tabora, na zamu ya ndoo haina heshima ya kukata utepe. Hapo ndipo tutajua kiwanja kina mwenyewe au hakina.